ThinkPad T480: Bach angeichukua, Frida angeirudisha

Nina ThinkPad T480, mwaka wa tatu huu naandikia kila siku ya Mungu, na kuna swali limenikaa kichwani tangu wiki ya kwanza: kati ya wasanii na waandishi wakubwa, wa zamani na wa juzi juzi, nani angeipenda hii mashine na nani angeirudisha kesho yake asubuhi? Mwanzoni yalikuwa mawazo tu ya kupumzisha macho nikichoka kuandika. Baadaye nikaona swali lenyewe linaifichua hii laptopu kuliko jedwali lolote la namba, maana ukishajua mtu alifanyaje kazi, aliandika saa ngapi, alifuta mara ngapi, alikaa au alilala, basi unajua mashine ingemfaa wapi na ingemkwaza wapi. Kwa hiyo tathmini yangu naipitisha humo humo.

Tuanze na jina. IBM walikuwa na neno lao moja, THINK, yaani fikiri, mkuu wao Thomas Watson alilifanya kauli ya kampuni nzima, na wafanyakazi walikuwa na vijidaftari vya mfukoni vyenye neno hilo kwenye jalada. Walipotoa laptopu ya kwanza ya ukoo huu, ile 700C ya Oktoba 1992, jina likachukuliwa kwenye hicho kijidaftari. Mwaka 2005 Lenovo wakainunua biashara ya kompyuta za IBM na jina likaenda nalo. Mi hili jambo nalipa uzito sana, kwamba hii ni kompyuta iliyorithi jina la daftari, na ndo maana nikiuliza nani angeitumia naanza na watu wa madaftari.

Na kwa madaftari simuoni wa kumtangulia Beethoven. Huyu hakuwa mtu wa kushukiwa na muziki ukiwa umeiva. Alikuwa na madaftari ya mezani na mengine madogo ya mfukoni ya kwenda nayo matembezini, anaandika kipande, anakikata, anakiandika upya, anakikata tena, na maelfu ya hizo kurasa zipo hadi leo, ukiangalia picha zake unaona mistari imepigwa kwa hasira mpaka hujui alichoacha ni kipi. Mtu wa kufuta namna hiyo kinachomfaa ni kibodi isiyochosha vidole, na hapo ndo T480 inapojitofautisha na laptopu nyingi nyembamba. Vitufe vyake vina kina, ukibonyeza unahisi kidole kimefika chini halafu kimesukumwa kurudi, uso wa kila kitufe umebonyea kidogo na ukingo wake wa chini umepinda kama tabasamu, kwa hiyo hata ukitua vibaya kidole kinaelekezwa katikati. Kuna usiku nimeandika saa sita mfululizo, nikainuka na maumivu ya mgongo lakini vidole vizima kabisa. Wakongwe wa ThinkPad watakwambia kibodi ya kweli iliishia kwenye T420 na X220 za mwaka 2011, zile za safu saba, kabla hawajahamia vitufe vilivyotengana mwaka 2012. Nimewahi kuzigusa, wana hoja. Ila ukilinganisha na zinazouzwa leo, T480 bado ni ya kukaa nayo usiku kucha.

Agatha Christie, yule wa riwaya za upelelezi, naye ni wa humu humu. Aliacha madaftari 73, na hayana mpangilio hata kidogo, njama ya mauaji iko ukurasa mmoja na orodha ya vitu vya kununua, anaanza wazo kwenye daftari hili analimalizia kwenye lingine baada ya miaka. Huyu angehitaji nafasi na kitufe cha kutafuta tu. T480 ina diski moja ya kawaida, na ile sehemu ya kadi ya mtandao wa simu, kama huitumii, inapokea SSD ndogo, yaani diski ya pili, wengi hawaijui hiyo. Angejaza zote mbili.

Leonardo da Vinci ananipa shida. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikitoka kulia kwenda kushoto kama za kwenye kioo, na kurasa zake zaidi ya 7,000 zimebaki, lakini ukurasa wake haugawanyiki, mchoro wa mkono wa maiti uko katikati na maneno yameuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. T480 haina kalamu. Zipo zenye kioo cha kugusa lakini kalamu ya kuchorea hakuna, kwa hiyo nusu ya akili ya Leonardo ingebaki nje. Huyu ningempa ndugu yake, X1 Yoga, ile inayokunjika ikawa kama ubao na kalamu yake inachomekwa ubavuni. T480 angeipenda kwa jambo moja tu, kuifungua aone ndani, na huko ndo napotaka kufika maana ndo roho ya hii mashine.

Sasa Bach. Aisee huyu nimemfikiria sana.

Bach, yule mtunzi wa muziki, alikuwa anaitwa kukagua vinanda vya kanisani, vile vikubwa vya mabomba, kabla havijapokelewa kutoka kwa fundi. Mwanawe C.P.E. Bach alisimulia kwamba kitu cha kwanza alichofanya baba yake ni kuvuta stopu zote, vile vishikizo vya kufungulia sauti, kwa pamoja na kupiga kwa nguvu yote, ajue kama kinanda kina mapafu mazuri. Anaanza na pumzi! Utamu wa sauti utajadiliwa baadaye. Mi nikasema huyu ndo mkaguzi wa T480, maana mapafu ya laptopu ni betri, na T480 ina mapafu mawili. Moja liko ndani, la saa-wati 24, jingine linachomekwa kwa nyuma na kuchomoka, na hilo la nyuma lipo la 24, la 48 na la 72. Kinachonifurahisha ni kwamba la nyuma likiisha unalichomoa mashine ikiwa inawaka, faili ziko wazi, unachomeka jingine na kazi inaendelea, kwa sababu la ndani linashika zamu kwa hizo dakika. Na mashine inatumia la nje kwanza ndo ihamie la ndani, yaani aliyepanga hiyo alifikiria mtu aliye katikati ya kazi. Mwaka 2019 ikatoka T490 ambayo betri ya nyuma haina tena na sehemu moja ya RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, imegandishwa kwenye ubao. Kwa hiyo T480 ndo ya mwisho ya mstari wake kuwa na mapafu mawili, na ndo sababu watu bado wanaitafuta mitumba yake kwa bidii hivi.

Halafu kile kitone chekundu katikati ya G, H na B. Wanaokiona mara ya kwanza wanadhani ni pambo. Kile ni mausi. Kinaitwa TrackPoint, kazi ya Ted Selker, ambaye miaka ya themanini alikutana na utafiti uliosema mkono ukitoka kwenye kibodi kwenda kwenye mausi unakula kama robo tatu ya sekunde, na kurudi tena ni hivyo hivyo, akaona basi mausi ihamie kwenye kibodi. Unakisukuma kwa kidole cha shahada, hakisogei kokote, kinasikia nguvu tu, na mshale unakwenda, vitufe vitatu vya kubofya viko chini ya nafasi ya kuachia maneno kwa ajili ya dole gumba. Sasa mfikirie mpiga kinanda cha kanisa: safu mbili tatu za vitufe mikononi, nyingine ya kukanyaga miguuni, stopu pembeni, na kila kitu lazima kifikike bila kuinuka maana ibada haikusubiri. Bach angekielewa kitone siku ya kwanza. Mi kilinichukua wiki mbili, wiki ya kwanza mshale ulikuwa unapita kila nilipotaka usimame, halafu siku moja nikashtukia sijagusa tachipadi tangu asubuhi. Sijairudia. Kuna wakati mshale unateleza wenyewe pole pole ukishikilia kitone muda mrefu, hiyo ni tabia ya TrackPoint zote, ukiinua kidole sekunde moja mbili unatulia.

Na hiyo rangi nyekundu ina habari yake. Aliyebuni umbo la ThinkPad ni Richard Sapper, Mjerumani aliyefanyia kazi Milano, yule wa ile taa ya mezani ya Tizio ya mwaka 1972. Alitaka boksi jeusi kabisa, tulivu, kama boksi la chakula la Kijapani ambalo nje halisemi kitu mpaka ulifungue, na ndani kuwe na tone moja jekundu. IBM walikuwa na sheria yao kwamba nyekundu ni ya swichi za dharura tu. Wabunifu wakaandika kwamba rangi ni majenta, ikapita, halafu taratibu wakaisogeza mpaka ikawa nyekundu tuliyonayo. Nikikaa mbele ya mashine ninakiangalia kitone naona ni watu waliopigania kitu kidogo sana kwa sababu walijua kinabeba umbo zima.

Narudi kwa Bach na kufungua. Mwaka jana nilimwaga chai juu ya kibodi, ya sukari, kikombe kizima. Uzembe wangu. Kibodi za ThinkPad zina mifereji ya kupitishia kimiminika mpaka chini, na kweli mashine haikuzima hata dakika moja, lakini sukari ilikauka na herufi za upande wa kulia zikawa zinanata, L ukiibonyeza inarudi baada ya kufikiria kwanza. Nikakitafuta kitabu cha matengenezo. Hiki kitu sijui kwa nini hakisifiwi zaidi: kitabu cha mafundi cha hii laptopu kiko wazi kwa kila mtu, bure, kinakuonyesha kila skrubu kwa picha na kwa mpangilio, kipi kinatangulia kutoka na kipi kinafuata. Nikatoa betri ya nyuma, nikazima ya ndani kwenye mipangilio ya kuwashia, bisibisi moja, mfuniko wa chini ukatoka kwa kubanduliwa pole pole ukingoni, skrubu za kibodi, kibodi ikateleza, nyaya bapa zikachomoka, mpya ikaingia. Dakika arobaini, na mi si fundi. Nilipomaliza nikaona mashine kwa jicho jingine kabisa, najua mahali RAM mbili zilipolala, najua feni iko wapi na imekusanya vumbi kiasi gani, nikaisafisha humo humo. Bach alivijua vinanda kwa ndani kiasi kwamba mafundi walimheshimu kama mwenzao. Laptopu ambayo mwenye nayo haruhusiwi kuifungua naamini ingemuudhi.

Kundi jingine ni la makarani, na hili liko karibu na moyo wangu. T480 haikutengenezwa kwa msanii. Ni mashine ya ofisi, kampuni zinanunua kwa mamia, baada ya miaka mitatu minne zinatolewa na ndo zinatufikia sisi wengine. Mchana ya mwajiri, usiku ya mwenyewe. Na ukiangalia historia, waandishi wangapi wameishi hivyo hivyo! Kafka alifanya kazi kwenye taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi pale Prague tangu 1908 hadi 1922, na hadithi yake moja aliiandika usiku mmoja wa Septemba 1912, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, bila kuinuka. Saa nane. Hapo unahitaji kibodi yenye taa na betri ya 72, na T480 inakupa vyote viwili, ingawa hakikisha unapata yenye taa maana zipo zisizo nayo.

Na Shaaban Robert. Karani wa forodha kwenye serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akahamishwa huku na huku, na bado akaandika tenzi na nathari ambazo mpaka leo ndo kipimo chetu. Mi huyu namuona kabisa. Namuona ofisini fomu zimeisha, amefunga faili la kazi, anafungua jingine. Jaribu kuandika shairi la mizani kumi na sita kwenye kibodi nzuri uone, nane unapumua, nane unashuka, na mlio wa vitufe vya T480 ni mzito mkavu hauna makelele, unakuhesabia. Kwenye kibodi bapa ya laptopu nyembamba mlio haupo, unaandika lakini husikii unapokwenda. Nimejaribu zote mbili na ubeti ule ule, na kwenye T480 nilikamata mshororo uliopungukiwa mizani kwa sikio kabla sijauhesabu. Kwa huyu peke yake ningeinunua hii mashine mara mbili.

Sasa walioikataa, na wana haki.

Frida Kahlo angeirudisha. Baada ya ajali ya basi ya mwaka 1925 alianza kuchora akiwa amelala, fremu ya kuchorea imefungwa kitandani na kioo cha kujitazamia juu yake. Mlaze na T480 kifuani uone, ni kilo moja na nusu na ushee hata ukiwa na betri ndogo, na ukiweka ile kubwa inachomoza chini na kuinua mgongo wa mashine. Na hiyo ni nusu ya shida. Shida yenyewe ni skrini. T480 za kawaida zilitoka na skrini hafifu, nyingine ni za nukta 1366 kwa 768 ambazo ukizitazama kwa pembeni rangi zinageuka, na hata za 1080 mwanga ni mdogo na rangi zimepauka. Nyekundu ya Frida kwenye hiyo skrini inakuwa kama kitambaa kilichofuliwa sana. Ilikuwepo ya 1440 ambayo ni nzuri kweli ila ni adimu kwenye mitumba. Kwa mtu wa rangi, mchoraji, mpiga picha, anayehariri video, hapa nasema wazi tafuta mashine nyingine, au uchomeke skrini ya nje kwa HDMI au USB-C na laptopu ibaki kuwa kibodi.

Siti binti Saad naye asingeihitaji. Hakuwa msomaji, nyimbo zilikaa kifuani, na sauti yake iliingia kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928 ikiwa kamili. Angekaa mbele ya mashine kwa sababu moja tu, ajisikilize, na hapo T480 ingemvunjia heshima. Spika ziko chini zimetazama meza, sauti inatoka nyembamba, ngoma huisikii na udi unasikika kama uko chumba cha pili. Tumia vipokea sauti, tundu lake lipo na ni safi.

Tingatinga ndo aliyenishangaza nilipomfikiria, maana nilidhani atakuwa upande wa Frida. Yeye alichorea kwenye vipande vya ubao mgumu wa mraba, kwa rangi za kupakia baiskeli, alichopata ndo alichotumia. Skrini asingejali. Mfuniko! Ule mfuniko mweusi wa T480, mkavu, mpana, hauna kitu zaidi ya jina pembeni na ile nukta nyekundu inayowaka juu ya herufi i. Ndege angekaa pale, shingo ndefu, mabawa yamejaa nukta, na jicho lake lingekuwa ile taa. Nimeitazama nukta hiyo mara nyingi tangu wazo hilo linijie na siwezi tena kuiona kama taa tu.

Kwa anayetaka kuichukua, yangu ni haya. Tafuta yenye prosesa ya i5 au i7 ya kizazi cha nane, zina kori nne na Windows 11 inazikubali rasmi, na kama unatumia Linux hutapata shida hata ya kuunganisha wifi. RAM weka 16 au zaidi, sehemu ziko mbili unajiongezea mwenyewe. Angalia betri zote mbili, muuzaji atakuonyesha ya nyuma inafanya kazi na ya ndani imekufa zamani. Washa, nenda kwenye mipangilio ya skrini, hakikisha ni 1080 kabla hujatoa hela. Sasisha programu ya ndani ya tundu la Thunderbolt, ile USB-C ya kasi, mara tu ukiipata, kuna toleo la zamani linalojulikana kwa kuua hilo tundu taratibu. Na bonyeza kila kitufe, kila kimoja, kwa sababu kibodi ndo unayoilipia.

Ile kibodi yangu ya chai sikuitupa, iko kwenye droo na kitone chake kimelainika kama kokoto ya mtoni, vile vinundu vidogo vya juu vyote vimekwisha kwa kidole kimoja. Cha sasa kimeanza kulainika upande wa kushoto.